Presha ya 106 Iliyoitwa Nzuri: Kisa cha Mzio wa Kamba Kutoka Likoni

Huyu ni mama wa miaka 63 kutoka Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, mwenye kisukari kwa miaka 11 na presha kwa muda mrefu zaidi ya huo. Dawa zake ni nne: metformini na glibenklamaidi za sukari, enalaprili na atenololi za presha. Hazikosi hata siku moja. Daftari lake la kliniki amelivalisha karatasi ya nailoni lisilowe, na kila mwezi limeandikwa vipimo: 158 kwa 92, 154 kwa 90, 160 kwa 94. Namba hizo naomba uziweke kichwani, tutazirudia. Yanayoweza kumtambulisha mama nimeyabadilisha.

Siku yenyewe ilikuwa ya arusi. Chakula kilipakuliwa saa saba na nusu mchana: pilau ya mbuzi, kachumbari, halua, na sinia la kamba wa kukaanga. Mama alikula kamba watano au sita. Mara mbili huko nyuma kamba walishamwasha, akameza Piriton, dawa ya mwasho ya aina iitwayo antihistamini, akalala, akaamka mzima. Kwa hivyo alijua kwamba kamba wanamkataa kidogo, na alijua pia dawa ya kukataliwa huko.

Dakika kumi hazikutimia, viganja vikaanza kuwasha. Akajikuna chini ya leso bila kumwambia mtu. Halafu shingo ikatoka mabaka yaliyovimba, tumbo likamkata, akaenda kutapika mara mbili. Bintiye alimkuta chooni ameinama, midomo imevimba. Saa nane kasoro dakika kumi akampa vidonge viwili vya Piriton, yaani miligramu 8. Hapo simlaumu mtu. Ni mikoba mingapi ya akina mama wa Mombasa isiyokuwa na karatasi ya Piriton ndani?

Saa nane na dakika kumi walikuwa kwenye duka la dawa. Kijana wa pale alifanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: alimpima presha. Mashine ikaandika 106 kwa 62, mapigo 60 kwa dakika. Akamwambia bintiye, "Dada, presha ya mama leo nzuri kabisa, huu ni mwasho tu." Akachukua Piriton ya sindano, miligramu 10, akaisukuma kwenye mshipa kwa mara moja.

Kichupa cha adrenalini, dawa ya mshtuko wa mzio, yaani mzio unaoangusha presha, alikuwa nacho. Tulipozungumza siku tatu baadaye aliniambia kwa unyofu kwamba alikifikiria, mkono ukaenda hadi kwenye rafu, kisha akaogopa. "Mama ana presha, ana sukari. Adrenalini inapandisha vyote viwili. Niliona nitamuua." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikiandike kisa hiki, kwa sababu nimeyasikia kwa manesi, nimeyasikia kwa maafisa wa kliniki wenzangu, na miaka ya nyuma nimewahi kuyasema mimi mwenyewe.

Baada ya sindano mabaka yalianza kufifia. Mwasho ukapungua, mama akapata usingizi, familia ikashukuru. Wakaamua wavuke waje kisiwani aonwe, kwa usalama tu. Saa nane na nusu walishuka na umati kwenye mteremko wa feri, mama ameshikwa mikono huku na huku. Kwenye feri alisimama ameegemea chuma. Walipoanza kupanda mteremko wa upande wa pili miguu ikamlegea. Watu wakambeba hadi kwenye tuktuk, wakamkalisha wima kati ya mabinti wawili, kichwa begani kwa mmoja wao. Alitufikia kituoni kwetu saa tisa kasoro dakika tano.

Nilikuwa zamu na sista mmoja mzoefu. Kabla hatujamwona mgonjwa tulimsikia bintiye mlangoni: "Ana sukari, amelala haamki!" Na sisi tukaenda na neno hilo. Ngozi ilikuwa karibu safi, mabaka mawili matatu tu yaliyopauka chini ya sikio. Mikono ilikuwa baridi, imechorwa hina na piko ya arusi mpaka kwenye kucha. Sista alimtoboa kidole cha shahada, damu haikutoka. Akakikamua mara tatu ndipo likajitokeza tone dogo, jeusi. Mashine ya sukari ikasoma 2.8, yaani sukari ya chini mno.

Tukaona jibu limepatikana. Mgonjwa wa kisukari, amemeza glibenklamaidi asubuhi, ametapika chakula cha mchana, amelegea, anatoka jasho, sukari 2.8. Nikaingiza kanyula, kile kibomba chembamba cha mshipani, kwenye mkunjo wa kiwiko, nikavuta damu ya maabara kwa mazoea, nikaanza kusukuma dekstrosi, maji ya sukari, ya asilimia 50. Ni nzito kama asali, haiendi haraka. Nikiwa katikati ya mililita 50 sista akasoma presha: 68 kwa 38. Mapigo 62. Kipimo cha oksijeni hakikusoma kitu kwenye kidole chenye piko. Akakihamishia kwenye ndewe ya sikio, kikatoa 89. Nikaweka sikio kifuani, nikasikia filimbi pande zote mbili.

"Dadangu, mama amekula nini leo?"

"Kamba."

Tangu aingie mlangoni hadi adrenalini ya kwanza kuingia pajani zilipita dakika 7. Dakika hizo ni zangu.

Kilichofuata nitakisema kwa ufupi, maana ndicho kinachofundishwa kila mahali. Tulimlaza chali, miguu tukaiinua juu ya mito miwili. Adrenalini nusu miligramu, yaani nusu mililita ya ile ya 1 kwa 1,000, kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Oksijeni ya barakoa. Lita moja ya maji ya chumvi mbio. Baada ya dakika tano presha ilikuwa 76 kwa 44. Tukarudia dozi ileile, ikafika 82. Mapigo hayakutaka kupanda, yalikuwa 66. Nikampigia daktari mkubwa, tukaanza kuandaa adrenalini ya dripu, huku dozi ya tatu ya paja ikiingia pamoja na lita ya pili. Kabla dripu haijaunganishwa presha ikafika 94 kwa 56, akafungua macho, akauliza viatu vyake viko wapi.

Jibu la maabara lilikuja baada ya dakika arobaini. Damu ile niliyoivuta kwenye mshipa kabla ya dekstrosi ilikuwa na sukari 8.9.

Sukari yake haikuwa imeshuka hata kidogo. Damu ya kidole na damu ya mshipa, zilizochukuliwa kwa tofauti ya dakika mbili, zimetofautiana kwa zaidi ya mara tatu. Sababu inaeleweka. Mtu akiwa kwenye mshtuko uliofika mbali, mwili huinyima damu mikono na miguu ili ibaki ya moyo na ubongo. Damu iliyomo kwenye ncha za vidole inakwenda polepole sana, na chembe za pale zinaendelea kuila sukari iliyomo bila nyingine kuja. Ukitoboa hapo unapima sukari ya kidole, hupimi ya mwili. Kukamua nako kunaongeza maji ya nyama kwenye tone. Ndiyo maana mgonjwa mwenye presha ya chini na mikono baridi anapaswa kupimwa sukari kwa damu ya mshipa. Tone moja kutoka kwenye kanyula uliyoiingiza linatosha kwa mashine ileile.

Kidole hukosea hata kwa upande mwingine, na arusini hilo ni jambo la kukumbuka: aliyekula halua au embe kwa mkono akapimwa kabla hajanawa, mashine inaweza kusoma sukari ya kwenye ngozi na kutoa namba kubwa ambayo hanayo. Mama huyu alikuwa amekula halua. Kama mikono isingekuwa baridi, pengine tungesoma 20 tukatafuta insulini.

Sisemi tulikosa kumpa dekstrosi. Ukisoma 2.8 kwa mtu aliyelegea, anayetumia glibenklamaidi, lazima utibu, maana sukari ya chini kweli huua ubongo, na gramu 25 za dekstrosi kwa mtu ambaye hakuzihitaji humpandisha kwa muda mfupi tu. Kosa letu lilikuwa la mfuatano. Adrenalini inachukua sekunde thelathini kuvutwa na kuchomwa. Ilipaswa kuwa ndani kabla sijaanza kushindana na bomba la dekstrosi.

Sasa turudi kwenye 106 kwa 62. Mtu yeyote akiiona namba hiyo peke yake ataiita nzuri. Lakini kipimo cha mshtuko wa mzio kwa mtu mzima kina milango miwili: namba ya juu ya presha kuwa chini ya 90, au kushuka kwa zaidi ya asilimia 30 kutoka ile aliyoizoea mtu mwenyewe. Wenye presha ya kupanda huupitia mlango wa pili, na watu hawauangalii. Mama huyu kawaida yake ni 158. Ondoa asilimia 30, unabaki na 110 na kitu. Kwa hivyo pale dukani, saa nane na dakika kumi, akiwa na mabaka, midomo iliyovimba na matapishi, 106 yake ilikuwa mshtuko uliokwisha kuanza. Daftari lenye 158 lilikuwa ndani ya mkoba wa bintiye, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye mashine.

Mapigo nayo yalificha. Mtu anayepoteza presha moyo wake hukimbia, 110, 120, 130, na mapigo hayo humshtua hata asiyejua tiba. Atenololi huufunga moyo usikimbie. Ndiyo maana alikuwa na mapigo 60 ya mtu aliyepumzika wakati mishipa yake inamwaga. Dawa hiyohiyo hupunguza nguvu ya adrenalini unayomchoma, na ndiyo sababu tulihitaji dozi tatu. Kwa wagonjwa kama hawa ipo glukagoni, ambayo huusukuma moyo kwa kupita njia ambayo atenololi haikuifunga. Inapandisha sukari pia na inatapisha sana, kwa hivyo koo la mgonjwa lazima lilindwe. Siku ile hatukuwa nayo. Enalaprili nayo haikusaidia: inauzuia mwili kutengeneza kemikali inayobana mishipa wakati wa shida, na inachelewesha kuvunjwa kwa nyingine inayoilegeza.

Na Piriton je? Hapa nataka kukaa kidogo.

Chembe zenye histamini, kemikali ya mzio, zimejaa chini ya ngozi, kwenye mapafu na kwenye utumbo. Mwili unaomkataa kamba ukimpokea, chembe hizo hupasua mizigo yao kwa pamoja. Histamini huilegeza mishipa midogo na kuifungua viungio vyake, maji ya damu yakavuja kuingia kwenye nyama. Uvujaji huu si wa matone: katika mshtuko mkali zaidi ya theluthi moja ya ujazo wa damu iliyomo mishipani inaweza kutoka ndani ya dakika 10. Uvimbe wa midomo ni maji hayo. Mabaka ni maji hayo. Presha kushuka ni maji hayo pamoja na mishipa iliyolegea.

Antihistamini hufanya kitu kimoja: hukalia kiti ambacho histamini ingekalia. Ikiwahi, histamini inakuta kiti kimejaa. Ikichelewa, inakuta histamini imekwisha kukaa, imefanya kazi yake, maji yamekwisha kumwagika. Kidonge kinahitaji nusu saa hadi saa nzima kabla hakijaanza kazi. Uchunguzi wa vifo vya mzio uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 ulikuta kwamba muda wa kati hadi moyo au pumzi kusimama ni dakika 30 kwa chakula, 15 kwa sumu ya nyuki na wadudu wenzake, na 5 kwa dawa za mshipani. Linganisha mwenyewe. Tena histamini haiji peke yake. Chembe zile hutoa kemikali nyingine kadhaa zinazobana mapafu na kulegeza mishipa, na hizo hazina habari na Piriton.

Kilichobaki kwa Piriton ni mwasho na mabaka. Hapo inafanya kazi nzuri, nami nitaendelea kuwaandikia watu. Lakini kwa mama huyu mwasho na mabaka ndivyo vilivyokuwa vinapiga kelele. Dawa ilinyamazisha kelele, ikaacha maji yanavuja. Familia iliona ngozi inarudi ikavuka bahari kwa miguu. Mimi niliona ngozi safi nikafikiria sukari. Usingizi wa dawa nao ukachanganyika na ulegevu wa mshtuko, na ulegevu wa mshtuko unafanana na ulegevu wa sukari kushuka, na atenololi ilikuwa imekwisha kuondoa mtetemeko na moyo kwenda mbio, dalili ambazo mgonjwa wa kisukari huzitegemea kujijua. Jasho pekee ndilo atenololi hailizuii, na jasho liko kwenye hali zote mbili.

Ile sindano ya mshipani ina jambo lake zaidi. Piriton ikisukumwa haraka kwenye mshipa inaweza yenyewe kushusha presha kwa muda. Inatakiwa iende polepole, si chini ya dakika moja. Promethazini, ndugu yake anayejulikana kwa jina la Phenergan, ni mbaya zaidi kwa hilo, maana inazuia pia viti vya adrenalini vinavyobana mishipa. Ni kiasi gani cha kuanguka kwa mama kilitokana na kasi ya ile sindano? Kwa maoni yangu ni kidogo. Kilichomwangusha zaidi ni kutembea. Mtu ambaye mishipa yake imelegea na kupungukiwa, ukimsimamisha, damu iliyobaki inateremkia miguuni na moyo unapiga ukiwa karibu mtupu. Vifo vya aina hii vimeandikwa: mgonjwa anazungumza akiwa amelala, anainuliwa akae au asimame, anakufa hapohapo. Kila nikiwaza ule mteremko wa feri, na ile tuktuk aliyokalishwa wima, nashukuru kwamba safari ilikuwa fupi.

Fikra kwamba antihistamini ni dawa ya mshtuko haikutoka hewani. Mwaka 1910 Henry Dale na Patrick Laidlaw huko Uingereza walionyesha kuwa histamini inashusha presha ya wanyama. Daniel Bovet na mwenzake walipotoa antihistamini ya kwanza mwaka 1937, kazi iliyokuja kumpatia Bovet tuzo ya Nobel mwaka 1957, ilikuwa haki kutumaini kwamba ugonjwa umepatiwa dawa yake. Henri Laborit, daktari wa upasuaji wa jeshi la majini la Ufaransa aliyekuwa Bizerte nchini Tunisia, aliwapa wagonjwa wake promethazini akitaka kuwakinga na mshtuko wa upasuaji. Alichokutana nacho ni wagonjwa waliotulia, wanaosinzia, wasiojali kinachowapata. Njia ile ikaishia kwenye klopromazini na tiba ya magonjwa ya akili mwanzoni mwa miaka ya 1950. Utulivu ule ndio tuliouona kwa mama huyu, tukauita nafuu. Mwaka 2021 baraza la Uingereza linalotoa miongozo ya kuokoa mahututi liliziondoa kabisa antihistamini kwenye matibabu ya mwanzo ya mshtuko wa mzio, ili zisije zikamchelewesha mtu na adrenalini.

Adrenalini inafanya kinyume cha kila kitu histamini ilichokifanya. Inabana mishipa, inasukuma moyo, inafungua mapafu, na inazituliza zile chembe zisiendelee kumwaga. Ni kweli inapandisha presha. Mama mwenye 68 anahitaji nini kingine? Ni kweli inapandisha sukari: inaliambia ini lifungue akiba yake na kongosho lipunguze insulini. Kupanda huko ni kwa muda, na kunatibika. Kwa mshtuko wa mzio hakuna ugonjwa unaomkataza mtu kabisa adrenalini ya paja, si presha, si kisukari, si uzee, si mimba. Hili niliwahi kulisoma miaka mingi kabla ya siku ile, lakini kulisoma hakukutosha kuuondoa woga mkononi.

Saa tatu usiku sukari ilikuwa 18.7, na sasa tulipima kwa kidole chenye joto kilichonawishwa. Bintiye alikuja ofisini ameshika simu, kuna mtu wa familia amemwambia Piriton ndiyo iliyomharibia mama sukari. Nilimweleza hivi: dozi mbili za Piriton kwa siku moja hazibadilishi sukari ya mtu kwa kiasi cha kuonekana. Walio na nafasi ya kuipandisha walikuwa wanne. Mshtuko wenyewe, ambao huufanya mwili umwage homoni za dharura. Adrenalini, iliyokwisha kuondoka mwilini kufikia usiku. Dekstrosi yangu, nayo kwa saa ya kwanza au ya pili. Na haidrokotisoni, dawa ya steroidi, miligramu 200 tuliyompa alasiri, ambayo huishikilia sukari juu kwa saa kadhaa. Hiyo ya mwisho tuliitoa kwa mazoea. Haifanyi kazi kwa dakika, na miongozo ya sasa haiitaki tena kama jambo la kila mgonjwa. Kwa mtu mwenye kisukari nitafikiri mara mbili safari nyingine.

Nilimwambia pia mahali ambapo antihistamini na sukari hukutana kweli, kwa sababu ana wajukuu na majirani. Dawa za maji za mafua na mzio nyingi zina sukari ndani. Nyingine zimechanganywa na dawa ya kufungua pua ambayo hupandisha presha, na mtu wa presha huinunua akidhani ni Piriton tu. Na iko siproheptadini, antihistamini ambayo wapo wanaoimeza kwa miezi ili wapate hamu ya kula na kunenepa. Unene huo ukija kwa mtu mwenye asili ya kisukari, sukari inaufuata.

Metformini tuliisimamisha hadi vipimo vya figo vilipotoka, kwa kuwa mwili uliotoka kwenye mshtuko unaweza kujaza asidi kwenye damu na metformini ikaongezea. Glibenklamaidi ndiyo iliyonikosesha usingizi. Inaweza kuendelea kushusha sukari hadi siku nzima, na mama alikuwa ametapika chakula. Tulimpima kila saa usiku kucha, tukiogopa 2.8 ya kweli ije nyuma ya ile ya uongo. Haikuja. Usiku huohuo tulikuwa tunasubiri pia mzio urudi, maana mara nyingine hurudi saa kadhaa baada ya mgonjwa kupona bila yeye kula tena kitu. Asubuhi sukari ilikuwa 14.2, presha 138 kwa 80. Siku ya tatu sukari ilikuwa 9 akaenda nyumbani.

Dawa zake zilibadilishwa kliniki. Atenololi iliondolewa polepole, si kwa siku moja, akawekewa amlodipini, dawa nyingine ya presha. Glibenklamaidi ikatoka, maana kwa aliyepita miaka 60 si dawa ya kufaa hata bila kisa hiki. Juu ya daftari bintiye ameandika kwa kalamu nyekundu: MZIO WA KAMBA, na chini yake, presha ya kawaida 155.

Yule kijana wa duka la dawa alikuja siku yake ya mapumziko, akataka aonyeshwe mahali pa kuchoma. Tulifanya mazoezi kwa bomba la maji na mto wa sponji, yeye, mimi na sista: kuvuta nusu mililita, kushika paja, kuchoma juu ya nguo. Ndiyo, juu ya nguo. Hakuna haja ya kumvua mtu buibui. Alipofanya mara ya nne alitumia sekunde 24.

Wiki mbili baadaye mama mwenyewe alirudi, ameketi kwenye benchi na daftari lake magotini. "Shikamoo" yangu aliipokea kwa mikono miwili, akaniita mwanangu, kisha akaniuliza alichokuwa amekuja nacho: atakula nini sasa, mtu wa pwani? Nikamwambia kamba, kamba mkubwa na kaa asiwaonje tena, hata mchuzi wao, hata waliopikwa sana, kwa sababu kitu kinachomdhuru kwenye nyama yao hakiharibiwi na moto na ni kilekile kwa wote watatu. Changu, tafi, nguru, ale bila wasiwasi.

"Na pweza?"

Pweza na ngisi wana kitu kinachokaribiana na kile cha kamba, nikamwambia, na wapo wanaowakataa wote. Asimle mpaka apimwe. Akakunja uso kidogo, akatoa kalamu kwenye mkoba, akampa bintiye aliongeze neno pweza juu ya daftari.